Mvua Inaposhuka Chalbi

Msomaji, ukitajiwa jangwa, hapana shaka unawaza mchanga na jua la utosi. Basi jaribu kufika Chalbi, kaunti ya Marsabit, mwezi wa Aprili masika yanapobisha hodi, nawe uwe na kamera begani.

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, tambarare kama meza, yenye ukoko mweupe wa chumvi. Ukisimama Kalacha, penye chemchemi na mikoma, hakuna jengo la kukuzibia mbingu. Utaliona wingu likikua upande wa Mlima Kulal hadi liwe jeusi tititi. Mara nyingi mvua yake haifiki chini. Huning'inia kama pazia lililochanika, ikakaukia hewani kwa joto.

Ukitaka kuunasa umeme, weka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu giza linapoingia, uache jicho lake wazi kwa sekunde 15 hivi, kisha urudie na kurudia. Umeme utajichora wenyewe. Lakini hesabu! Tangu mmweko hadi ngurumo, kila sekunde 3 ni takriban kilomita moja. Zikipungua 30, ingia garini ufunge madirisha. Katika uwanda ule, kitu kirefu kuliko vyote ni wewe na stendi yako.

Jua nalo huku karibu na ikweta halikawii kutua. Hata hivyo, likishazama usifungashe vyombo, kwani mawingu ya juu huendelea kuwaka kwa dakika kadhaa. Aidha, kabla halijazama geuka nyuma. Upinde wa mvua hujitokeza mashariki, wakati wapiga picha wote wameukodolea macho magharibi.

Mimi tamaa ya machweo nusura inimalize. Ilikuwa Aprili 2023. Nilimsihi dereva asimame katikati ya laga, mto mkavu wa mchanga, ili nilipate jua likichungulia baina ya kingo zake. Tone la mvua halikuwapo. Mzee mmoja Mgabra aliyekuwa akipitisha ngamia akatupungia fimbo.

"Ondoa gari, kijana. Mlimani kumenyesha."

"Dakika moja tu, mzee."

Dereva hakuningoja. Aliwasha gari, nami nikadandia mlango ukiwa wazi. Tulikuwa ndio kwanza tumepanda ukingo maji ya rangi ya udongo yalipofika, yakiburura matawi na mawe, yakafunika pale nilipokuwa nimepiga magoti.

Nilipoacha kutetemeka nilimshukuru mzee, nikamwomba ruhusa nimpige picha. Kumbuka, misimu mitano ya mvua ilikuwa imekosa mfululizo huko tangu mwishoni mwa 2020, na mifugo ilikufa kwa wingi. Hakulitazama jua hata kidogo. Alikuwa akitazama laga.

"Mimi wa nini?" akasema. "Piga picha maji."