Baraza ya Msituni: Tulivyojenga Mahali pa Kukutania Wakati wa Baridi

Ukitoka Leicester, mji ulio katikati ya Uingereza, ukafuata barabara ya kaskazini-magharibi kwa mwendo wa gari usiofika saa moja, utaingia katika nchi ambayo nusu karne iliyopita haikuwa na mengi ya kumvutia msafiri. Ilikuwa nchi ya makaa ya mawe. Wanaume walishuka chini ya ardhi kabla ya mapambazuko, na juu ya ardhi palirundikana vilima vya kifusi cheusi. Migodi ilipofungwa, ukaanzishwa katika miaka ya 1990 mpango wa kuotesha msitu mpya, uitwao National Forest, katika eneo la maili 200 za mraba. Tangu hapo imepandwa miti zaidi ya milioni 9. Ardhi yenye miti, ambayo mwanzoni ilikuwa kama asilimia 6 tu ya eneo lote, sasa imepita asilimia 20.

Ndani ya nchi hiyo kipo kipande kidogo cha msitu, mali ya taasisi ya hisani, ambacho sisi, familia chache za Kiislamu zinazozungumza Kiswahili, tulikubaliwa kukitengeneza kuwa mahali pa kukutania, pamoja na majirani wa kijiji kilicho karibu. Leicester inatufahamu tangu zamani. Mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa Uganda, wengi wao walifanya makazi katika mji huo, na Kiswahili kikaja nao. Baada yao wakaja wengine kutoka Unguja, Mombasa na Barawa. Hata hivyo, kuna kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kukipakia katika sanduku lake, nacho ni baraza.

Msomaji aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa baraza ni nini. Ni ile kingo ya jiwe mbele ya nyumba, ambapo mzee huketi baada ya Alasiri, mpita njia akatoa salamu, kahawa ikamiminwa, na habari ya mgonjwa ikajulikana kabla jua halijatua. Nyumba za huku hazina baraza. Saa zinaporudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, milango hufungwa, na kila familia hubaki na taa yake. Bibi mmoja miongoni mwetu, mjane, alituambia kwamba msimu mmoja mzima wa baridi hakuketi na mtu asiye wa nyumbani mwake isipokuwa katika arusi moja na maziko mawili. Maneno hayo ndiyo yaliyotutoa nyumbani.

Wengi walituuliza kwa nini tuianze kazi hii katika baridi, badala ya kungoja siku za joto. Jibu la kwanza ni la msitu wenyewe. Miti iliyopandwa miaka 25 iliyopita ilipandwa kwa kukaribiana, mita 2 au 3 tu kati ya mche na mche, ili ikue imenyooka. Sasa inasongana na kunyimana mwanga, na ni lazima mingine ipunguzwe ili mingine inenepe. Kazi hiyo hufanywa miti ikiwa imelala, majani yameanguka, na ndege hawajajenga viota. Sheria ya mwaka 1981 inalinda viota vinavyotumika, kwa hiyo watu waangalifu huweka misumeno chini mwezi Machi unapoingia. Mti wa hazeli ukikatwa karibu na ardhi wakati wa baridi haufi, bali huchipua fito nyingi mpya. Hata ukataji una mizani yake: bila leseni, mwenye msitu anaruhusiwa kiasi kisichozidi mita 5 za ujazo katika kila robo ya mwaka. Kwetu kiasi hicho kilitosha kupata mabenchi na kubaki na kuni.

Jibu la pili hatukulijua mpaka tulipofundishwa na matope.

Mwezi Oktoba, wakati majani yangali ya dhahabu, wanaume wanne walikwenda kuchagua mahali. Walipenda bonde dogo lenye nyasi laini, lililozungukwa na miti ya mwaloni na kukingwa na upepo. Jumamosi tatu mfululizo walifyeka, wakaviringisha magogo, wakayapanga duara. Palipendeza kweli kweli. Picha zilitumwa kwa jamaa wa Unguja na Dar es Salaam, na sifa zikarudi.

Novemba ikaja na mvua yake, ambayo haina ngurumo wala haraka, lakini haiondoki. Jumamosi ya nne tuliwaalika wazee wote. Bonde lilikuwa limejaa maji hadi kwenye vifundo vya miguu, na magogo yalikaa ndani yake kama mitumbwi iliyofungwa gatini. Bibi yule aliletwa na mjukuu wake katika kiti cha magurudumu. Hawakufika hata nusu ya njia. Magurudumu yalizama, kijana akasukuma mpaka akapiga magoti, na mwishowe wanaume wawili wakambeba bibi pamoja na kiti chake kumrudisha barabarani.

Mmoja wa waliochagua bonde alimfuata kumwomba radhi. "Shikamoo, bibi. Utusamehe. Tulitaka upate mahali pazuri."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, akijifuta tope mkononi kwa ncha ya mtandio. "Nyumba mmejenga nzuri. Mlango ndio mliousahau."

Siku ile hatukuelewana. Waliofanya kazi Jumamosi tatu waliona uchungu, na haki walikuwa nayo, kwani jasho lao lilikuwa mle. Mmoja alipendekeza tungoje bonde likauke mwezi wa Mei. Ndipo mama mmoja aliyekuwa akigawa maandazi akauliza kama bibi naye aambiwe angoje upweke wake ukauke mwezi wa Mei. Pakawa kimya. Tukaswali Adhuhuri juu ya turubai, na baada ya swala tukafanya jambo ambalo lilistahili kufanywa mwanzoni: tukashauriana, na safari hii kina mama wakawa ndani ya shauri.

Walichosema hakikuwa kigumu, ila hakuna mwanamume aliyekifikiria. Mahali pawe karibu na barabara, ili mwenye mtoto mgongoni na mwenye fimbo wafike kwa miguu yao. Pawe juu, maji yasituame. Mtu aliyeketi aweze kuwaona watoto wanapocheza. Pawe na choo, na pawe na pembe ya faragha ambapo mwanamke anaweza kutawadha bila kutazamwa. Mtume (S.A.W.) ameonya dhidi ya kujisaidia katika njia ya watu na katika kivuli wanachopumzikia. Sisi tulikuwa tukitengeneza kivuli cha watu bila kujiuliza watu hao, wakiwa na watoto, wangekwenda wapi.

Tulihama. Magogo yalitolewa bondeni moja baada ya jingine kwa kamba na toroli, na kazi ya Jumamosi tatu ikachukua tano kuitengua. Hapo tukaielewa faida ya pili ya baridi. Ardhi wakati wa kiangazi ni kama mwenyeji aliyejiandaa kwa wageni: hukuonyesha sebule tu. Wakati wa baridi unaiona ilivyo. Unajua maji yanakosimama, upepo unakopenyea, na mahali ambapo jua huota hata lilipo chini kabisa. Na kilicho kweli kwa ardhi ni kweli kwa nia za watu. Mwezi Oktoba tulikuwa zaidi ya ishirini. Jumamosi ya kwanza ya Januari tulikuwa sita, na wawili kati yao ni watoto waliolazimishwa.

Siku za huku katika Desemba ni fupi mno. Jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Adhuhuri huingia baada ya saa sita, na Alasiri, kwa hesabu ya Mashafii, hufika kabla ya saa nane. Mwanzoni tuliona kwamba swala zinatukatizia kazi. Baadaye tuliona kwamba zinaigawa vizuri: kukata kabla ya Adhuhuri, kubeba baada yake, kusafisha vifaa baada ya Alasiri, na Magharibi tukaiswali kando ya moto kabla ya kurudi mjini. Ardhi yote imefanywa msikiti kwa umma huu, na hatukuwahi kulielewa jambo hilo kama tulivyolielewa tuliposujudu juu ya majani yaliyoganda.

Kwa wenye kuogopa maji ya baridi tunakumbusha ruhusa ambayo wengi wetu tuliisoma chuoni tukiwa watoto na hatukupata kuihitaji katika joto la pwani. Aliyevaa khufu, yaani soksi za ngozi, akiwa na udhu kamili, anaweza kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu, usiku na mchana mmoja kwa mkazi, na siku tatu na nyusiku zake kwa msafiri. Nasi tulibeba maji ya vuguvugu katika chupa za chai, tukiziwekea alama ya uzi mwekundu baada ya mzee mmoja kujimiminia chai ya tangawizi kiganjani akidhani ni maji ya udhu.

Katika Januari ile ya watu sita, mtu wa saba alikuwa jirani. Ni mzee wa Kiingereza, si Muislamu, aliyefanya kazi mgodini tangu ujana wake mpaka mgodi ulipofungwa. Alikuwa akipita na mbwa wake na kututazama tunavyohangaika na njia mpya iliyokuwa ikigeuka tope. Siku ya tatu alimfunga mbwa mtini, akachukua sepetu, akatuonyesha namna ya kuchimba mtaro upande wa juu wa njia ili maji yakatwe kabla hayajafika, na namna ya kutandika matawi ya hazeli chini kisha kumwaga juu yake vipande vya miti iliyosagwa. Alisema kwamba chini ya ardhi mtu hujifunza mapema kwamba maji hayabishani na mtu, huenda tu yanakotaka, na kazi yako ni kuyatengenezea njia. Wiki iliyofuata alikuja na mkewe, na mkewe akaja na mkate wa matunda. Alipotuuliza kama mahali hapa ni pa Waislamu, mzee wetu mmoja alimjibu kwamba ni pa majirani, na kwamba dini yetu imemwekea jirani haki kubwa. Tangu siku hiyo hatukuhesabu tena nani ni mgeni wa nani.

Tulijifunza pia kuwastahi wenye nyumba wa asili. Matawi yaliyobaki hatukuyachoma yote. Tuliyapanga kuwa uzio mnene kuzunguka pembe ya kina mama, na ndani yake ndege wadogo wenye kifua chekundu wakaingia na kutoka. Kila lundo lililokusudiwa moto lilifunuliwa kwanza na watoto, kwa maana kalunguyeye hulala humo msimu mzima wa baridi, na kuwasha bila kutazama ni kumchoma aliyelala kitandani mwake. Kazi hiyo ya upelelezi iliwafanya wale wawili waliolazimishwa waje kwa hiari, na wakawaleta wenzao.

Mwanzoni mwa Februari kulikuwa na asubuhi moja ya anga safi. Mabenchi yalikuwa yamekamilika: magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa katikati, yamewekwa kwa umbo la mwezi mchanga, na uwazi wake umeachwa upande wa kusini-mashariki, ambako ndiko kibla kwa mtu wa Leicester. Katika siku hizo jua la huku huchomoza karibu na upande huo huo. Bibi alifika akisukumwa na mjukuu wake juu ya njia kavu, bila kubebwa na mtu. Alilipapasa benchi, akauliza limeelekea wapi, akaonyeshwa jua. Kisha aliketi, akaomba kahawa, na jambo la kwanza alilouliza ni habari ya mke wa yule mzee wa mgodini, aliyekuwa amelazwa na kifua. Sisi sote hatukuwa na habari hiyo. Yeye aliijua kwa kuwa mzee mwenyewe alimwambia njiani, walipopeana salamu.

Hiyo ndiyo baraza. Mtume (S.A.W.) aliwafundisha maswahaba wanaokaa njiani kwamba njia ina haki zake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Kabla hatujaondoka siku ile tulipanda hazeli kumi kando ya njia, tukikumbuka kwamba apandaye mti, wakala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Ndugu zetu wa nyumbani, ninyi hamna theluji, lakini mna masika. Mkitaka kujenga mahali pa watu, iwe ni uwanja wa msikiti, madrasa au kivuli cha mwembe, nendeni mkapatazame siku mvua inaponyesha, na mwende pamoja na bibi mwenye fimbo na mama mwenye mtoto mgongoni. Watakapopita wao, na wengine watapita, Insha-Allah.