Mtama Mchanga Huua Ng'ombe



Ukitoka Dodoma kwa barabara ya kwenda Manyoni, utapita Bahi. Hapa ni Ugogo. Mvua ni chache. Kwa kawaida huanza Desemba na kwisha Aprili. Watu hulima mtama na uwele. Pia hufuga ng'ombe.

Baada ya mavuno, ng'ombe huingizwa mashambani kula mabua. Mabua makavu ni chakula chao. Lakini tazama chini, kwenye shina. Mvua kidogo ikinyesha, mtama huchipua tena. Machipukizi hayo yana sumu. Mtama mchanga ulionyauka kwa jua una sumu pia.

Ng'ombe mwenye njaa akila mengi, huhema kwa nguvu. Huyumba, kisha huanguka. Anaweza kufa kwa dakika chache. Mali ya miaka mingi hupotea mara moja.

Tufanye nini?

Tukague shamba kabla ya kuingiza ng'ombe. Tusiwalishe mtama mbichi usiofika kiuno. Ng'ombe akianguka, tumwite bwana mifugo upesi. Ipo dawa ya sindano, lakini ikichelewa haisaidii. Nyama ya mzoga tusile.