Niulizeni Mimi



Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tumeyaona haya mara nyingi. Mama anaingia chumba cha matibabu na binti yake wa miaka 14. Tunamgeukia binti: "Unaumwa wapi, mwanangu?" Binti anainamisha kichwa na kuvutavuta pindo la gauni. Mama anajibu, "Tumbo, nesi. Tangu juzi." Tunauliza tena lilianzaje na linauma upande gani, na mama anajibu yote. Binti anaondoka na dawa mkononi bila kutamka neno.

Tusimlaumu mama huyo, maana hata sisi ndivyo tulivyo. Majumbani mwetu tunawasifu mabinti kwa ukimya. Tunawaambia wageni, "Huyu mtoto wangu mtulivu, hana maneno." Lakini kazi yetu imetufundisha jambo zito: binti asiyezoea kusema tumbo linauma wapi, atapata shida kusema siku mtu mzima atakapomshika pasipostahili.

Hilo ndilo lililotusukuma, akina mama wanne wa kanisa letu hapa Morogoro, wawili kati yetu wauguzi, tuanze kukutana na wasichana 11 kila Jumamosi alasiri. Mwanzoni tulisimama mbele yao tukawaeleza habari za kujiheshimu na kujiamini. Walisikiliza vizuri, wakaitikia "Ndiyo, mama" kwa sauti moja, wakaenda zao. Baada ya majuma machache tuliona wazi kwamba mtu hajiamini kwa kuambiwa "jiamini". Ndipo mwenzetu mmoja anayejua kutengeneza batiki alipoleta kitambaa cheupe cha pamba, nta na rangi.

Kwa nini sanaa? Katika hesabu jibu ni moja, na katika kushona sare kipimo ni kimoja. Lakini mbele ya kitambaa cheupe hakuna mwenye jibu ila yule anayechora. Hana budi kuamua: achore nini, wapi pabaki peupe, rangi ipi itangulie. Wengi wa mabinti hawa walikuwa hawajawahi kuamua jambo lolote mbele ya mtu mzima. Siku ya kwanza walituuliza kila dakika, "Mama, nichore nini?" Nasi tulijibu, "Wewe unapenda nini?" Wengine walikaa saa nzima na penseli mkononi.

Kazi yenyewe ni hivi. Kitambaa kinafuliwa kwanza ili kitoke wanga. Binti anachora kwa penseli, kisha anapaka nta iliyoyeyushwa mahali anapotaka rangi isiingie. Kitambaa kinatiwa rangi hafifu, kinakaushwa, kinapakwa nta tena, kinatiwa rangi nzito zaidi. Mwisho kinachemshwa ili nta itoke. Nta ikipasuka kidogo, rangi hupenya na kuacha mistari myembamba ambayo hakuna aliyeipanga. Wasichana walipoona mistari hiyo mara ya kwanza walisikitika wakidhani wameharibu. Mwalimu wao akawaambia kwamba hiyo ndiyo inayoitambulisha batiki.

Tuliwaomba wapange kazi yao kama khanga: pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaandikwayo chini ya mji. Sharti lilikuwa moja: jina atunge mwenyewe, asinakili la khanga ya mama yake. Tuliwasimulia pia habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi hiyo, lakini mtindo wake unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Sasa tuwaeleze kosa letu. Binti mmoja, mkimya kuliko wote, alichora nyumba. Ilikuwa na bati, madirisha mawili na mpapai kando yake, lakini haikuwa na mlango. Mwenzetu mmoja alipita, akacheka kwa upendo, akasema, "Nyumba gani hii isiyo na mlango, binti yangu?" Kabla binti hajajibu, alichukua brashi mkononi mwake akachora mlango kwa nta. Nasi wengine tulicheka. Nta ikishaingia kwenye kitambaa haifutiki. Binti hakusema kitu. Aliosha mikono, akaaga kwa adabu, na Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile ya pili.

Tulijadiliana. Mmoja wetu alisema atarudi tu, watoto husahau. Lakini tuliposali pamoja jioni ile, mioyo yetu haikutulia. Tulikuwa tumefanya lile lile tulilokusudia kuliondoa. Tulimjibia.

Si desturi yetu mtu mzima kwenda kumwomba mtoto radhi, na tunakiri kwamba miguu ilikuwa mizito. Tulipiga hodi, mama yake akatukaribisha, binti akatuamkia, "Shikamooni." Yule mwenzetu akamwambia, "Marahaba, mwanangu. Tumekuja kwako. Nilishika kazi yako bila ruhusa yako. Naomba unisamehe." Mama yake alishtuka akasema, "Hapana dada, huyu ni mtoto tu." Tukanyamaza, tukamngojea binti.

Akasema polepole, akitazama chini: "Mlango uko nyuma, upande wa uani. Ukiwa barabarani hauonekani. Hamkuniuliza."

Jumamosi iliyofuata alirudi. Hakutaka kitambaa kipya, alimalizia kile kile. Ule mlango wetu aliuzungushia maua akaugeuza kuwa bustani ndogo. Na chini ya mji akaandika jina la khanga yake: NIULIZENI MIMI.

Yapata miezi mitatu baadaye, mama yake alikuja kutuona. Alikuwa amemtuma binti mashine ya kusaga jioni kama kawaida. Safari hii binti alisimama mlangoni akasema, "Mama, sitaki kwenda kule peke yangu. Yule anayepima unga ananishika." Mama alituambia kwamba zamani angemkemea kwa uvivu. Lakini alikumbuka kile kitambaa, kwa kuwa alikuwa amekitundika sebuleni. Akaketi, akamwuliza, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha walikwenda wote wawili kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Tunamshukuru Mungu, jambo lilikuwa halijafika mbali.

Hatusemi kwamba batiki ndiyo iliyomwokoa. Tunachosema ni kwamba mtoto huyo aliwahi kuwaambia watu wazima "hamkuniuliza", nao wakakubali kosa. Baada ya hapo alikuwa na sababu ya kuamini kwamba akisema tena atasikilizwa.

Mama msomaji, huhitaji kikundi wala fedha nyingi. Madaftari ya zamani, mabaki ya vitambaa vya fundi cherehani, ukili, udongo wa kufinyanga, vyote vinafaa. Yako mambo matatu tuliyojifunza.

Kwanza, usimshikie brashi. Hata kama unaona atakosea, mwache akosee mwenyewe.

Pili, usikimbilie kusema "nzuri" au "mbaya". Sema, "Nieleze ulichochora," kisha nyamaza. Sifa zikizidi, naye binti hujifunza kuchora kile kinachompendeza mama tu. Sisi tulijaribu kutoa zawadi kwa kazi bora, tukaacha, kwa sababu mmoja alifurahi na kumi wakanywea.

Tatu, chunga usalama. Nta iyeyushwe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, mtu mzima akiwa karibu. Ikimrukia mtu, mwagia hapo hapo maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Nta iliyogandamana na ngozi usiibandue kwa nguvu. Jeraha likiwa kubwa nenda kituo cha afya.

Katika Kutoka sura ya 35 tunasoma kwamba wanawake waliosokota nyuzi za rangi kwa ajili ya hema ya Bwana walileta kazi ya mikono yao wenyewe. Mabinti zetu nao wana mikono yao. Na safari ijayo utakapomleta binti yako hospitalini, mama, tukimwuliza anaumwa wapi, hesabu moyoni hadi kumi kabla hujajibu. Yawezekana atajibu mwenyewe.