Sufuria Yenye Mishikio Miwili

Mama mkwe wangu alipatwa na kiharusi mwezi Juni 2022, asubuhi, akiwa anazoa majivu jikoni kwake kijijini. Wiki tatu baadaye aliruhusiwa kutoka hospitali, na gari lililomleta halikuelekea kijijini, bali lilisimama mbele ya mlango wetu hapa Iringa. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yalikuwa yamempotea. Hakuna aliyeniuliza kama nitaweza. Ndivyo inavyokuwa katika nyumba nyingi, na wewe mama unayesoma unalijua hilo.

Nilikuwa na watoto wawili nyumbani na mmoja chuoni, vipindi vyangu shuleni, na mume ambaye kazi yake humrudisha usiku. Mchana alishinda na mama binti wa jirani niliyekuwa nikimlipa kidogo. Usiku ulikuwa wangu. Asiyewahi kumuuguza mtu asiyeweza kujigeuza hajui usiku ni mrefu kiasi gani. Muuguzi alinifundisha nimgeuze kila baada ya saa mbili, kwa maana mwili ukilaliwa upande mmoja muda mrefu damu haipiti vizuri, na kidonda kinaweza kuanzia ndani kabla hujakiona juu ya ngozi. Basi nikawa naamka saa sita, saa nane, saa kumi. Saa kumi na moja nabandika uji. Saa moja niko darasani na chaki mkononi, macho yananiwasha.

Na wifi yangu mkubwa alikuwa akipiga simu. Kila Jumapili aliuliza mama amekula nini, ameoga saa ngapi, mbona hajanenepa. Mwezi Septemba alikuja mwenyewe. Akafunua shuka, akamtazama mama yake, kisha akasema mbele ya wageni, “Mama amekonda. Hapa anakula kweli?” Jioni ile ile akapanda basi kurudi kwake.

Siku hizo kikundi chetu cha akina mama kanisani kilikuwa kinasoma Matendo ya Mitume. Tulipofika sura ya 17, pale Paulo anapojadiliana na watu sokoni Athene, tukakutana na Wastoiko katika aya ya 18. Mwenzetu mmoja akauliza, “Hawa ni kabila gani?” Tulicheka, lakini hakuna aliyekuwa na jibu, na kwa kuwa mimi ni mwalimu nikapewa kazi ya kulitafuta. Kijana wangu wa chuoni akaniletea kijitabu.

Si kabila. Jina lao limetokana na neno la Kigiriki la ukumbi wenye nguzo, kwa sababu mwalimu wao wa kwanza, Zeno, mtu wa kisiwa cha Kipro, alifundishia katika ukumbi wa namna hiyo kando ya soko la Athene, yapata mwaka 300 K.K. Walisema kilicho chema kwa kweli ni tabia njema tu, nao waliigawa mara nne: hekima, ujasiri, haki na kiasi. Fedha, afya, sifa, hata uhai, ni vizuri kuwa navyo, lakini havimfanyi mtu kuwa mwema wala mwovu. Nilifurahi pia kuona kuwa Galio, yule liwali wa sura ya 18, alikuwa ndugu wa Seneca, mmoja wa waandishi wao mashuhuri. Nimewasoma watu hawa tangu shule ya Jumapili, kumbe mmoja nimekuwa nikimpita bila kujua nyumba anayotoka!

Kijitabu chenyewe kilikuwa mafundisho ya Epictetus. Huyu alizaliwa mtumwa yapata mwaka 50 B.K. katika mji wa Hierapoli, ule unaotajwa katika Wakolosai 4:13, na alikuwa kilema wa mguu. Baadaye aliachwa huru, akafundisha Roma mpaka Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, akahamia Nicopolis katika Ugiriki. Yeye hakuandika kitu. Mwanafunzi wake, Arrian, ndiye aliyeyaweka maneno yake katika maandishi. Na mwalimu wa Epictetus, Musonius Rufus, alifundisha kwamba mwanamke amepewa akili ile ile aliyopewa mwanamume, hivyo naye asome falsafa. Niliposoma hapo nilijiona nimekaribishwa.

Anaanza kwa kutenganisha. Yako mambo yaliyo katika uwezo wetu, nayo ni jinsi tunavyoyaona mambo, tunachokitaka na tunachokikataa. Yako yasiyo katika uwezo wetu: mwili, mali, sifa, cheo. Taabu yetu, anasema, hutokana na kuyang’ang’ania haya ya pili kana kwamba ni yetu.

Niliyasoma hayo saa nane za usiku, nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha mama. Nikaanza kugawa. Kiharusi si changu. Ulimi wa wifi si wangu. Saa ya Baba Neema kurudi si yangu. Uji usiwe na mabonge, huo ni wangu. Kumgeuza mama kwa mkono mpole na si kwa mkono wa hasira, hilo ni langu, na ninakiri kwamba mpaka usiku ule mikono yangu haikuwa mipole siku zote.

Liko jambo jingine lililonishika zaidi. Epictetus anasema kila kitu kina mishikio miwili, mmoja unabebeka na mwingine haubebeki. Ndugu yako akikukosea, usimshike kwa mshikio wa kosa lake, maana hapo habebeki. Mshike kwa ule kwamba ni ndugu yako, mmelelewa pamoja. Ninayo sufuria kubwa niliyopewa siku ya kuagwa kwetu, na mshikio wake mmoja umelegea miaka mingi. Anayeijua nyumba yangu hautegemei. Basi wifi alipopiga simu Jumapili iliyofuata, kabla ya kupokea nilijikumbusha: huyu ni binti anayeona mama yake anazimika mbali naye. Nikamjibu vizuri. Aliyakuta majibu yangu laini, naye akalainika kidogo.

Mahali pengine tuligombana, mimi na Epictetus. Anasema uanze na kitu kidogo kama chungu: ukikipenda, jiambie kwamba ni chungu tu, ili kikivunjika usifadhaike. Halafu anasema ukimbusu mtoto wako, jiambie kwamba unambusu binadamu, ili akifa usifadhaike. Nilikifunga kitabu. Labda kwake kifo cha mtoto kilikuwa jambo la kila nyumba, lakini mama aliyebeba mimba hawezi kusomewa hesabu ya vyungu.

Hata hivyo niliendelea na mazoezi yangu, na hapo ndipo nilipopotea. Miezi ikapita sijapandisha sauti. Wenzangu kanisani wakanisifu kwa uvumilivu, na mimi nikaipenda sifa hiyo, ingawa nilikuwa nimesoma kwamba sifa si yangu. Jioni moja Neema, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alinisimulia jinsi rafiki yake alivyomtenga shuleni. Nikamwambia kwamba moyo wa rafiki yake haumo katika uwezo wake. Akaninyamazia kidogo, kisha akasema, “Mama, siku hizi hukasiriki. Lakini ni kama haupo.”

Sikulala usiku ule, hata katikati ya saa za kumgeuza bibi yake.

Unajua, mama mwenzangu, sisi tumelelewa na neno moja: vumilia. Tunaambiwa tukiagwa, tunaambiwa tukifiwa, tunaambiwa mume akileta mambo. Nilikuwa nimemchukua mtumwa yule wa Hierapoli nikamfanya shangazi mwingine wa kuniambia nivumilie. Nilishika ujasiri na kiasi, nikaiacha haki. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, na ndani ya “kila mtu” nimo na mimi, na yumo Neema aliyekuwa akikosa mama. Tena na wifi zangu wana chao: wana mama mgonjwa wasiyemtunza, na kwa kunyamaza nilikuwa nawasaidia kuikwepa zamu yao. Na kama kuna dada anayesoma huku akipigwa nyumbani, asije akanielewa vibaya: ngumi ya mume haimo katika uwezo wako, lakini mlango na miguu yako vimo.

Kilichonipa nguvu ya mwisho ni habari moja ndogo aliyoiandika Simplicius, mwanafalsafa wa karne ya 6 aliyekifafanua kijitabu hicho. Epictetus aliishi peke yake muda mrefu, na nyumba isiyo na kitu. Uzeeni, rafiki yake mmoja alitaka kumtupa mtoto kwa sababu ya umaskini, naye akamchukua ili amlee. Na hapo akatafuta mwanamke wa kumsaidia kulea. Fikiri! Mwalimu wa kujitosheleza, siku mtoto mchanga alipoingia nyumbani, alihitaji mtu mwingine. Sijui kwa nini habari hiyo haisemwi zaidi. Mimi ingenipunguzia miezi sita.

Nilimwambia Baba Neema kwamba nataka kikao cha familia. Aliogopa. “Watasema umemchoka mama.” Nikamwambia kwamba watakalosema si letu, ila kuwaambia ukweli ni juu yetu. Tulikaa wakati wa Pasaka, mwaka 2023. Kabla ya kuingia nilijieleza moyoni yatakayotokea: mmoja atalia, mmoja ataleta habari za mashamba, mmoja atanitupia neno. Yote matatu yalitokea. Nikasoma daftari langu, saa kwa saa, usiku mmoja mzima kama ulivyo. Sikumlaumu mtu. Nikaomba mambo mawili: mchango wa kila mwezi wa kumlipa msaidizi wa usiku, na kila wifi aje kukaa na mama wiki tatu kwa mwaka.

Wifi mdogo alikubali mchango, akakataa kuja, na mpaka leo hajaja. Shemeji alitoa miezi miwili akaacha. Wifi mkubwa hakusema neno, akatoka nje.

Mwezi Agosti alishuka kwenye basi na begi lake. Usiku wa kwanza nililala chumbani kwangu nikiwa nimefunga mlango, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Saa nane nikasikia hodi. Alikuwa amesimama na kanga begani, anahema.

“Wifi,” akasema, “hivi ulikuwa unamgeuza peke yako?”

Nilikuwa na majibu mengi, mengine nilikuwa nimeyatunza tangu Septemba. Nikavaa kandambili zangu, tukaenda, yeye akashika mabegani na mimi miguuni.