Watoto waliumwa kichwa kila walipopanda gari la baba

Mara ya kwanza walisema ni barabara mbovu. Mara ya pili walisema ni jua. Mara ya tatu mtoto wa kiume, mwenye miaka mitano, alisimama mlangoni mwa nyumba yao kata ya Umwe, wilayani Rufiji, viatu mkononi, akakataa kutoka.

“Mama, mimi sipandi gari la kutapisha.”

Gari lenyewe lilikuwa chini ya mwembe, limeoshwa tangu alfajiri. Ni Land Rover 109 ya zamani. Kwa zaidi ya mwaka mmoja baba yake alikuwa akiitengeneza kidogo kidogo, kila alipopata fedha, ili iwe gari la safari ndefu za familia: walale humo, wapike kando yake, na wapite penye tope bila kuomba watu wasukume.

Baba huyo anauza vipuri vya pikipiki. Mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi. Wameomba majina yao yasitajwe, lakini wamekubali yaliyowapata yaelezwe kwa sababu, kama anavyosema mama, “sisi tulidhani tunawaangalia watoto vizuri.”

Gari la babu

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Uholanzi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia chuma kilikuwa adimu Uingereza, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana hadi leo unaweza kukuta Land Rover ya miaka 40 ina bodi nzima huku chasisi, ambayo ni ya chuma, imeliwa na kutu. Ya familia hii ni ya toleo la tatu, lililotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Babu wa watoto aliinunua ikiwa imeshatumika.

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyetoka Ikwiriri kwenda kusini alivuka Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Babu alibeba abiria, magunia na wagonjwa hadi kwenye pantoni. Nyuma kulikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, juu turubai. Mvua zikikolea, magari mengine yalisubiri. Lake lilipita.

Baadaye liliwekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanatagia ndani. Kilichomfanya mwanawe alikumbuke ni matukio ya mwaka 2024. Aprili, mafuriko ya Mto Rufiji yaliingia katika vijiji vya Rufiji na Kibiti. Mei, mvua zilizoletwa na Kimbunga Hidaya zikakata barabara ya kusini eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Mama wa watoto alikuwa njiani kwenda Masasi kumzika mjomba wake. Basi likakwama, akarudi. Mjomba alizikwa bila yeye.

“Hata Land Rover haivuki mahali ambapo daraja limeondoka,” anasema baba. “Lakini nilijisemea, siku nyingine tukikwama, watoto wawe na mahali pa kulala na maji ya kunywa.”

Kilichobadilishwa

Fundi alianza na yale ya lazima. Alichomelea chasisi palipolika, akabadilisha springi na kushughulikia breki. Injini ya petroli ya lita 2.25 ikabaki, ingawa wengi humshauri mwenye gari kama hili aitoe na kuweka ya dizeli ya Kijapani. Baba hakutaka. Ni injini aliyoizoea kuisikia tangu utotoni, ikirudi nyumbani usiku.

Kisha ikaja sehemu aliyoipenda zaidi. Turubai likaondolewa, likawekwa paa la bati lenye vioo visivyofunguka na mlango wa nyuma unaoinuka juu. Mabenchi yakageuzwa kuwa masanduku ya nguo na vyombo, juu yake godoro. Chini ya sakafu, upande wa nyuma, likafungwa tangi la maji.

Tangi hilo lilikosa nafasi kwa sababu ya bomba la moshi. Bomba likakatwa, likaishia chini ya gari badala ya kutokeza nje. Sakafu nayo ilitobolewa ili kupitisha bolti za masanduku. Matundu mengine yalitobolewa pasipo mahali pake, yakaachwa wazi.

“Mimi nilikuwa nawaza keria ya juu na taa za mbele,” anasema baba. “Bomba la moshi nani analiangalia?”

Haikuwa malaria

Safari ya kwanza ya majaribio ilikuwa Januari, kwenye barabara ya vumbi ya kuelekea Mloka, upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Baba alikuwa kwenye usukani, kioo kikiwa wazi, kiwiko nje. Mama alikaa pembeni yake, amefunga kioo kuzuia vumbi. Watoto walikuwa nyuma kwenye godoro. Mlango wa nyuma uliachwa wazi kidogo ili wapate hewa.

Baada ya saa moja na nusu hivi, binti wa miaka tisa alisema kichwa kinamuuma. Mdogo wake alikuwa amelala usingizi mzito. Alipoamshwa, akatapika. Mama naye kichwa kilikuwa kinamgonga, lakini alidhani ni kelele za injini. Jioni wakiwa nyumbani, wote walikuwa wazima.

Wiki mbili baadaye, katika safari nyingine, yakatokea yaleyale. Safari hii mama aliwapeleka watoto zahanati. Rufiji, mzazi akiona mtoto anaumwa kichwa na kutapika, mawazo ya kwanza ni malaria, na si kosa kuwahi kupima. Kipimo cha haraka kilionesha watoto wote wawili hawana malaria. Miili yao haikuwa na joto.

Mama angeweza kupewa panadol na kuondoka. Lakini tabibu aliendelea kuuliza.

“Walianza kuumwa kwa wakati mmoja?”

“Ndiyo, karibu saa ileile.”

“Walikuwa wapi?”

“Kwenye gari.”

“Na wakishuka kwenye gari?”

Mama anasema hakujibu mara moja. Aligeuka akawatazama wanawe, ambao saa mbili zilizopita walikuwa hoi. Sasa walikuwa uani wanagombania ganda la nazi.

Usiku ule alimwambia mumewe: “Baba watoto, ni gari.”

“Gari limefanya nini? Ni barabara. Watoto hawajazoea.”

“Kwenye basi la Dar es Salaam wanakula mpaka tunashuka. Mbona huko hawatapiki?”

Mume alinyamaza. Jumamosi iliyofuata aliosha gari kama kawaida, kana kwamba mazungumzo yale hayakuwapo. Ndipo mtoto alipogoma mlangoni. Baba alifoka. Anasema leo kwamba hakumfokea mtoto, bali alikuwa anajifokea mwenyewe, kwa kuwa alishaanza kuelewa.

Gesi isiyo na harufu

Injini inapochoma mafuta hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi una harufu kwa sababu ya vitu vingine vilivyomo, hivyo kutosikia harufu si ushahidi kwamba uko salama. Gari la kabureta lisilorekebishwa vizuri, linalokula petroli nyingi mno kwa kiasi cha hewa, hutoa gesi hii kwa wingi zaidi.

Ikivutwa, inaingia kwenye damu na kung'ang'ania mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa. Nguvu yake ya kung'ang'ania ni zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni. Mwili unaanza kukosa hewa ingawa mtu anapumua. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na uchovu. Ikizidi, mtu huchanganyikiwa, husinzia, hupoteza fahamu na anaweza kufa. Mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo huathirika mapema. Mjamzito yuko hatarini yeye na mtoto aliye tumboni.

Hatari kubwa ya garini ni ule usingizi. Mzazi anaona mtoto amelala, anafurahi kwamba safari imekuwa nyepesi.

Kwa nini iliingia nyuma? Gari lenye mgongo bapa kama Land Rover likienda kasi, nyuma yake hewa huwa haba na huvuta vilivyo karibu, moshi ukiwamo. Mlango wa nyuma ukiwa wazi na vya mbele vimefungwa, moshi hurudi ndani. Ule mlango ulioachwa wazi “wapate hewa” ndio uliokuwa unaingiza sumu.

Babu alipoelezwa, alitikisa kichwa. “Sisi tulikula vumbi, mwanangu, lakini turubai tulilikunja pande zote. Wewe umelifunga gari kama sanduku.”

Kitambaa kilicholowa

Walirudi gereji. Gari likawashwa nje, peupe. Fundi alichukua kitambaa kilicholowa, akakibana kwenye mdomo wa bomba kwa sekunde chache tu. Moshi uliokosa njia ukatafuta pengine. Ukasikika ukifoka kwenye maungio karibu na sailensa, na mwingine ukapanda kupitia matundu ya sakafu, hapohapo lilipokuwa godoro.

Baba alichuchumaa akatazama. “Nilikuwa nimewatengenezea watoto kitanda juu ya eksozi,” anasema. Hakusema kingine siku ile.

Matengenezo yenyewe hayakuwa makubwa kama aibu yake. Tangi la maji lilihamishwa. Bomba jipya likafungwa hadi likapita bampa ya nyuma, maungio yakawekwa gasketi mpya. Matundu yalizibwa kwa kuchomelea, mlango wa nyuma ukawekewa mpira mpya, na kabureta ikarekebishwa. Vile vifuniko viwili vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele, ambavyo Land Rover hizi huja navyo na ambavyo vilikuwa vimegandishwa na rangi, vikafunguliwa ili hewa safi iingie kwa mbele.

Mama aliongeza sharti lake. Godoro ni la kulalia gari likiwa limesimama na kuzimwa. Likitembea, watoto wakae kwenye viti vinavyotazama mbele, vilivyofungwa kwa bolti imara, na wafunge mikanda. Fedha za keria zikaishia hapo.

Ukiwa na gari la aina hii

Si lazima uwe na Land Rover ya babu. Noah iliyokatwa bomba, pikapu yenye turubai nyuma au basi dogo lililochoka linaweza kuleta tatizo hilohilo. Kabla ya safari, mwambie fundi akague bomba la moshi lote, kuanzia kwenye injini hadi mwisho. Ukiongeza kitu chini ya gari, hakikisha bomba halikufupishwa. Usiendeshe mlango wa nyuma ukiwa wazi. Usiwalaze watoto garini injini ikiwa inaunguruma, wala usiliwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa.

Jiko la mkaa hutoa gesi hiyohiyo. Lisiingie garini, kwenye hema wala chumba cha kulala, hata kama makaa yamebaki mekundu tu bila moshi. Wanaokwenda kupiga kambi hukosea hapa, na nyumbani tunakosea hapa msimu wa baridi na mvua.

Watu wawili au zaidi wakiumwa kichwa pamoja mahali pamoja, na kupata nafuu wakitoka, fikiria gesi. Zima injini, watoe wote nje, uwapeleke kituo cha afya na useme walikuwa wapi. Usifiche wala usione haya. Mtu akibaki kwenye hewa ya kawaida, gesi iliyo kwenye damu hupungua kwa nusu baada ya saa nne hadi sita hivi. Akipewa oksijeni hospitalini, muda huo hushuka hadi kama saa moja na nusu. Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinaweza kuonesha namba nzuri wakati mtu ana sumu hii, kwa hiyo maelezo yako ni muhimu sana kwa anayekuhudumia.

Njia ya kusini

Juni, shule zilipofungwa, waliondoka kwenda Masasi kumwona bibi na kulizuru kaburi la mjomba. Babu alikaa mbele. Mama alichagua kukaa nyuma na watoto, ili kama kuna moshi umpate na yeye. Kila baada ya saa moja walisimama, wakashuka wote.

Walipopita juu ya Daraja la Mkapa, babu aliwaonesha wajukuu upande ilipokuwa pantoni, akawasimulia namna watu walivyokesha ng'ambo wakisubiri. Daraja lina urefu wa karibu mita 970. Hadithi haikuwa imefika nusu walipomaliza kuvuka.

Somanga walisimama kwa wauza samaki. Mtoto wa kiume alifungua mkanda, akaruka chini kabla injini haijazimwa. Mama alimshika bega, akamgusa paji la uso, mazoea tu.

“Kichwa vipi, baba?”

“Nina njaa,” mtoto akasema, akaelekea kwenye karai la samaki.