Ukuta Wenye Michoro



Kila ninapozunguka jumuiya kwa jumuiya kubariki nyumba, kuna ombi la radhi ambalo nimekwisha kulizoea. Kabla sijaketi, mama wa nyumba husema, "Baba, utusamehe, kuta zetu hazitazamiki." Nikitazama naona gari lenye magurudumu matatu, jua lenye miguu, herufi iliyogeuka nyuma mbele, na stika za wachezaji wa mpira zilizochanika nusu. Vyote hivyo vinaanzia sakafuni na kukoma kwenye kimo cha mtoto wa miaka mitano. Juu ya hapo ukuta ni safi, kwa maana mikono haifiki.

Aibu hiyo hunikumbusha sura ya 14 ya Kitabu cha Walawi, sura ambayo hamtaisikia mara nyingi siku ya Dominika. Huko kuhani ndiye aliyeitwa kukagua madoa ya ukutani. Kabla hajaingia, watu walitoa vyombo vyao nje, ili visije vikahesabiwa kuwa najisi pamoja na nyumba. Kisha nyumba ilifungwa siku 7. Doa likienea, mawe yake yaling'olewa na lipu ikakwanguliwa na kutupwa nje ya mji. Namshukuru Mungu kwamba kazi hiyo haikuachwa mikononi mwetu sisi mapadre wa leo. Hata hivyo naipenda busara ya sheria ile: iliokoa kwanza mali ya maskini, na haikumruhusu kuhani kubomoa siku ya kwanza.

Kwa kuwa wengi mmeniuliza, nitasema machache niliyojifunza kwa fundi rangi aliyetutengenezea chumba cha watoto wa Utoto Mtakatifu. Ukuta wa rangi ya mafuta unaoshwa kwa maji ya sabuni na kitambaa laini bila taabu. Ule wa rangi ya maji ukisuguliwa sana hutoka pamoja na rangi yake, na wa chokaa hauoshwi, hupakwa upya. Stika isikwanguliwe kwa kisu. Ilowanishwe kwa kitambaa chenye maji ya moto, ingoje, kisha ibanduliwe polepole kuanzia pembeni. Mafuta ya kula hulainisha gundi iliyobaki, ila kwenye rangi ya maji yataacha doa jingine. Tena msikimbilie kufunika. Kalamu za rangi za watoto ni nta, na rangi ya maji haishiki juu ya nta. Wino wa peni nao hupenya rangi mpya na kujitokeza tena. Ndiyo maana fundi hupaka praima kwanza.

Kuhusu fimbo sitasema mengi. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna karatasi hata moja amechora mahali palipokuwapo. Apewe kitambaa aoshe pamoja na baba yake, na jioni apewe daftari.

Lakini kuna ukuta mmoja ambao sikuweza kuuzungumzia kwa wepesi huo, na mama mwenye nyumba hiyo ameniruhusu kuusimulia bila kumtaja. Walikuwa wapangaji, mume alipata kazi mkoa mwingine, na mwenye nyumba alitaka kuta zirudi kama alivyowakabidhi. Mama yule akaosha vyumba vyote, akasimama nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Hapo palikuwa na mtumbwi na watu watano ndani yake, umechorwa kwa peni na mwanawe aliyefariki miaka miwili kabla, akiwa na umri wa miaka sita. Jirani mmoja alimwambia kwamba ule ni uchafu kama uchafu mwingine. Mwingine, ambaye naamini alikuwa na nia njema, akamwambia kwamba kung'ang'ania alama za marehemu ni upungufu wa imani.

Hilo la pili silikubali. Katika uchimbaji uliofanyika chini ya Basilika ya Mtakatifu Petro huko Roma miaka ya 1940, ulikutwa ukuta karibu na kaburi la Mtume uliojaa majina ya watu na alama za Kristo, yamekwaruzwa moja juu ya jingine na waamini wa kale. Katika makatakombe wapo samaki na nanga kwenye makaburi. Kanisa halikuviosha. Naye nabii Isaya, katika sura ya 49, anatuonyesha Mungu aliyeuchora mji wake viganjani, na kuta zake ziko mbele ya macho yake siku zote.

Hata hivyo ukuta ulikuwa mali ya mtu, na amri ya saba haina ruhusa maalumu kwa wafiwa. Nilimwambia hivyo, naye alikuwa analijua kabla sijasema. Tukamwomba mwenye nyumba siku 7, akazitoa. Mama alikuwa na picha ya mchoro kwenye simu, lakini alisema kwamba katika simu mkono wa mtoto haumo. Ni kweli, kwa sababu peni ilikuwa imekandamizwa hata ikaacha mifereji ndani ya rangi. Binti yake mkubwa ndiye aliyejua la kufanya. Aliweka karatasi nyembamba juu ya mchoro, akapitisha ubavu wa penseli taratibu, na mtumbwi ukatokea mweupe katikati ya weusi, na watu wote watano.

Siku ya sita fundi alikuja. Mama akamwomba brashi, sehemu ile akaipaka mwenyewe, praima na kisha rangi. Siku iliyofuata mwenye nyumba alipita kukagua chumba kwa chumba. Nyuma ya mlango wino ulikuwa umejitokeza tena, bluu hafifu sana, wa kuonekana na anayejua pa kutazama. Fundi akasema atarudia. Mzee yule alitazama kwa muda, akasema panatosha, akapokea funguo.