Tuliposema Bondeni Pasijengwe

Mimi ni mkulima wa korosho katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mkuranga, mkoa wa Pwani. Nilikuwa miongoni mwa waliosema kwetu isijengwe nyumba ya mgeni hata moja. Leo naukubali ujenzi kule mlimani, na naupinga kwa nguvu zangu zote bondeni. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya vijiji vingine vya kando ya barabara ya Kilwa ambavyo zamu yao inakuja.

Mwandege na Vikindu zilipojaa, madalali wakaingia kwetu. Baadaye ikaja kampuni iliyotaka mashamba mengi kwa mpigo, iyakate viwanja vya mita 20 kwa 20 na kuviuza. Wazee wakaja juu. Makaburi yamo humo, mikorosho ya wazazi wetu imo humo, na kisima chenye maji matamu kimo humo. Nilisimama nao kwa moyo wote. Mkorosho alioupanda baba na kuupulizia salfa kila msimu, msumeno unaumaliza asubuhi moja.

Aliyenigeuza ni mtoto wa kaka yangu, fundi ujenzi. Alikuja jioni kunisalimia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Shangazi, kampuni mnaikataa, lakini mashamba ya kule juu yanauzwa kila siku na mnashuhudia wenyewe. Kila mmoja anajenga anapotaka. Barabara itapita wapi?"

Nilikasirika. Hata hivyo kesho yake nilikwenda kuangalia, nikakuta msingi umechimbwa katikati ya njia ya kisimani. Muuzaji alikuwa jirani yangu, mama mwenye mgonjwa aliyelazwa muda mrefu Muhimbili. Ningemwambia nini? Asiuze, mgonjwa afe? Nyumba zilikuwa zimeshaanza kuja, moja moja, bila mfereji, bila njia, bila nafasi ya shule, na kelele zetu dhidi ya kampuni hazikuzuia hata tofali moja.

Tulimpata msaidizi wa kisheria, akatusomea Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Halmashauri ya kijiji inaisimamia ardhi kama mdhamini tu, na haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaidhinisha. Na mkutano mkuu ni sisi, kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamke kwa mwanamume. Hata ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, eneo lisilozidi hekta 250 linakubaliwa au kukataliwa na mkutano huo huo. Miaka yote nilikuwa nakaa mkekani na wanawake wenzangu, nasubiri wanaume wamalize, nikidhani nimekuja kusikiliza matangazo.

Mkutano uliofuata nilisimama. Sikusema tukatae nyumba. Nilisema tuandae kwanza mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji: makaburi yawekewe mipaka, njia ya kisimani irudishwe, mlimani papimwe viwanja vyenye barabara na mifereji, na bondeni pabaki mpunga. Mzee mmoja aliniuliza kama nimehongwa. Iliniuma, maana ni mzee ninayemheshimu, lakini sikukaa chini.

Bonde ndilo lililonipa sauti. Masika yakikolea, maji yote ya mlimani hushukia pale, yakatulia, yakalisha mpunga na kujaza kisima. Ukipaziba kwa nyumba, maji hayo yatawafuata watu vyumbani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wakapelekwa Mabwepande, na wengi wao walikuwa wamejenga kwa jasho lao. Sitaki mama mwingine auziwe kiwanja cha namna hiyo kijijini kwangu na watu wanaojua maji yanapita wapi.

Mkutano ulikubali mpango uandaliwe, na mchoro sasa uko kwa wataalamu wa wilaya. Kijana wangu anajenga mlimani, na wanunuzi wa huko wanapata njia. Lakini bondeni kuna bikoni zilizosimikwa kabla hatujaamka, na mwenye hela yake anadai haki. Naye ana hoja. Nitauomba mkutano ujao apewe eneo la thamani hiyo hiyo kule juu, na bikoni zing'olewe kabla ya mvua.